Kushona na kuandaa mavazi ya harusi ya Kiyahudi: mwongozo kwa mafundi na wavalishaji

Fundi aliyezoea harusi za kwetu akiletewa kazi ya harusi ya Kiyahudi, kwanza huomba picha: gauni likoje, suti ya rangi gani, kitambaa kipi. Mimi nasema aanze na ratiba, picha ije baadaye. Mavazi ya harusi hii yana kazi ya kufanya. Shela litashushwa usoni na bwana harusi mwenyewe mbele ya watu, gauni litazunguka mara saba, kidole cha shahada kitavishwa pete, kiatu kitavunja glasi, na kabla ya usiku kwisha maharusi watabebwa juu juu wakiwa wamekaa kwenye viti. Ukishona bila kujua hayo, gauni litapendeza kwenye kioo cha fundi na kumtesa mwenyewe ukumbini.

Kazi ya namna hii huweza kumfikia fundi wa Kiswahili akiwa London au Toronto, ambako jamii za Kiyahudi ni kubwa. Nairobi nako kuna sinagogi tangu zama za ukoloni, na karibu na Mbale, Uganda, wanaishi Abayudaya, watu walioshika dini ya Kiyahudi tangu 1919 wakimfuata Semei Kakungulu.

Hatua ya 1: Uliza ni Wayahudi wa wapi

Hakuna vazi moja la harusi ya Kiyahudi. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, yaani Waashkenazi, wana taratibu zao. Wasefaradi, wenye asili ya Hispania na waliotawanyika Afrika Kaskazini na Uturuki, wana zao. Wayahudi wa Yemeni, Iraki, Uajemi na Bukhara wana zao pia. Ndani ya Waashkenazi wako Wahasidi, wanaoshika mavazi kwa ukali kuliko karibu wote, na wako Wayahudi wa mrengo huru ambao bibi harusi wao anaweza kuvaa gauni la mabega wazi bila mtu kuinua nyusi.

Muulize mteja wako, au mama wa bibi harusi, ambaye mara nyingi ndiye mwenye neno la mwisho: asili ya familia ni wapi, rabi anayefungisha ni wa mrengo gani, kutakuwa na usiku wa hina, na wanaume na wanawake watacheza pamoja au kwa kutengwa? Majibu ya maswali hayo yatakupa robo tatu ya vipimo kabla hujagusa futi ya utepe.

Palepale panga siku za kupima. Kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi usiku ni Sabato, na familia inayoshika dini haitapokea hata simu, sembuse kuja kupimwa. Kwa Waashkenazi wengi, bwana na bibi harusi hawaonani wiki moja kabla ya harusi, kwa hiyo usiwape miadi ya saa moja. Na kama wewe ni mwanamume, mwache dada wa ofisini ampime bibi harusi: wanaoshika dini hawagusani na mtu wa jinsia nyingine asiye wa familia yao. Sisi wa pwani jambo hilo halihitaji maelezo marefu.

Hatua ya 2: Kagua kitambaa kabla ya kukata

Torati inakataza kuvaa nguo iliyochanganya sufu na kitani. Katazo liko katika Mambo ya Walawi 19:19 na Kumbukumbu la Torati 22:11, na mchanganyiko wenyewe huitwa shatnezi. Sufu inayohusika ni ya kondoo. Pamba na kitani ni sawa, sufu na hariri ni sawa, polyester na chochote ni sawa.

Mtego uko kwenye suti. Kitambaa cha nje kinaweza kuwa sufu tupu, kumbe ndani ya kola au kifuani kuna kitambaa kigumu cha kitani kilichowekwa ili koti lisimame. Uzi pia unahesabika: ukishonea kifungo cha koti la sufu kwa uzi wa kitani, umeliharibu koti zima machoni pa mwenyewe. Kwa hiyo tumia uzi wa pamba au polyester, weka kola yenye kitambaa kigumu cha pamba, na utunze lebo za kila kitambaa umpe mteja. Familia nyingi hupeleka suti mpya kwa mkaguzi wa shatnezi, ambaye hufumua mshono kidogo na kuchungulia nyuzi. Asipewe sababu ya kufumua zaidi.

Hatua ya 3: Shona kitel ya bwana harusi

Hapa ndipo fundi mwenye mkono mzuri anapoonekana. Kitel ni joho jeupe jepesi ambalo bwana harusi wa Kiashkenazi huvaa juu ya suti anaposimama chini ya khupa, lile hema dogo la nguzo 4 ambamo ndoa hufungwa. Joho hilo hilo atalivaa siku ya Yom Kipuri (siku kuu ya toba), wengine pia kwenye karamu ya Pasaka, na mwisho wa maisha yake huenda akazikwa nalo. Siku ya harusi huhesabiwa kuwa siku ya kusamehewa dhambi, ndiyo maana maharusi wengi hufunga tangu alfajiri hadi ndoa ipite, na weupe wa kitel unakumbusha maneno ya Isaya 1:18 kuhusu dhambi nyekundu kuwa nyeupe kama theluji. Katika familia nyingi upande wa bibi harusi ndio unaoitoa kama zawadi, kwa hiyo mteja wako anaweza kuwa mama mkwe.

Chukua pamba nyeupe au mchanganyiko wa pamba na polyester usiokunjamana ovyo. Mpime kijana akiwa amevaa koti la suti, kwa sababu joho litakaa juu yake. Ongeza sentimita 15 hadi 20 kwenye mzunguko wa kifua, na kwapa liwe pana kiasi cha mkono wa koti kupita bila kujikunja. Urefu ufike katikati ya muundi. Mikono iwe mipana, mbele pafunguke hadi chini, kola iwe ya kulala. Ukitaka kutia nakshi, tia nyeupe juu ya nyeupe, kwenye kola na ukingo wa mbele, ukomee hapo.

Sasa mambo matatu ya kuangalia. Mifuko usiweke, kwa sababu sanda haina mfuko na kijana anaingia kwenye ndoa bila kuhesabu alicho nacho. Vifungo, kwa Wahasidi, hufungwa upande wa kulia ukiwa juu ya wa kushoto, kinyume cha shati la kiume tulilozoea, kwa hiyo toboa matundu upande wa kulia. Mkanda ukishona, uwe wa kitambaa kile kile, na mimi huutia kishikizo badala ya kuuacha wa kufunga fundo, kwa kuwa ziko jamii ambazo bwana harusi husimama chini ya khupa bila fundo lolote mwilini: tai hulegezwa, na kamba za viatu hufunguliwa.

Kwa kuwa huvaliwa haraka, marafiki wawili wakimsaidia huku nyimbo zinapigwa, lijaribu kwa mwendo ule ule: mtu mmoja ashike, kijana aingize mikono, vifungo vitatu vya juu vifungwe. Likikwama begani, panua kwapa.

Bwana harusi wa Kihasidi huwa na mengine juu ya hayo: joho refu jeusi la hariri au la kung'aa, na shtreimeli, kofia pana ya mviringo ya manyoya ambayo baba mkwe humnunulia kwa maelfu ya dola. Hiyo ina mafundi wake. Ukipewa uishike, ishike kwa ndani na usiiweke karibu na pasi.

Hatua ya 4: Gauni la bibi harusi

Weupe wa gauni si sheria ya dini. Umeenea Ulaya na Marekani tangu Malkia Victoria aolewe na gauni jeupe mwaka 1840, na Wayahudi wa huko wakaufuata kama jirani zao. Sheria inahusu sitara. Kwa bibi harusi wa Kiorthodoksi, yaani wa mrengo wa Kiyahudi unaoshika sheria za dini kwa ukamilifu, shingo ifunike mfupa wa mtulinga, mikono ivuke viwiko, na sketi ivuke magoti hata akikaa. Gauni refu halina tatizo la magoti. Tatizo ni shingo na mikono.

Mara nyingi utaletewa gauni la dukani lisilo na mikono ili ulistiri. Anza na bega: ongeza kipande cha juu chenye bitana, kishikane na gauni kwa mshono uliojificha chini ya lesi. Kisha mikono. Usikimbilie lesi yenye bitana ya rangi ya ngozi, ambayo kwa mbali huonyesha mwili kama uko wazi, na familia zinazoshika dini huikataa. Tumia bitana nyeupe au ya rangi ile ile ya gauni.

Kisha mjaribishe bibi harusi kwa miondoko halisi. Ainue mikono yote juu kama anayecheza: kiwiko kisitoke na kiuno kisipande. Ainame mbele kama anayesalimia bibi kizee aliyeketi: kola isiachie. Akae kwenye kiti chenye mikono kwa dakika kadhaa, kwa kuwa kabla ya ndoa atakaa kwenye kiti cha heshima kama malkia, akipokea wageni na kuwaombea dua. Sketi yenye waya au matabaka mengi ikimfika kidevuni anapokaa, punguza matabaka.

Hatua ya 5: Shela

Kwa Waashkenazi, bwana harusi huletwa kwa nyimbo na ngoma hadi kwenye kiti cha bibi harusi, humtazama usoni, kisha humshushia shela kwa mikono yake. Tendo hilo huitwa bedeken. Watu hulihusisha na Yakobo aliyefungishwa ndoa na Lea akidhani ni Raheli (Mwanzo 29), na pia na Rebeka aliyejifunika alipomwona Isaka (Mwanzo 24). Wasefaradi wengi hawalifanyi kabisa, kwa hiyo rejea majibu ya hatua ya kwanza.

Shela liwe na tabaka mbili: la nyuma linaloshuka hadi chini, na la mbele linalolala juu ya kichwa likisubiri kushushwa. Kijana atakuwa na njaa ya saumu, mikono inatetemeka, na kuna watu mia nyuma yake wanaimba. Tabaka la mbele linatakiwa lishuke kwa mvuto mmoja bila kunasa kwenye kitana wala kipini cha nywele. Kitana kishonewe tabaka la nyuma pekee. Pindo la mbele lifike chini ya kifua, kwa sababu baadaye mama au dada atalinyanyua ili bibi harusi anywe divai, na likiwa refu mno litaingia kikombeni. (Familia zenye busara huagiza divai nyeupe.)

Bibi harusi wa Kihasidi hufunikwa kwa kitambaa kizito asichoona kupitia kwake, akaongozwa kwa mikono na mama yake na mama mkwe. Hapo ni muhimu sana pindo la mbele la gauni likatwe sentimita mbili au tatu juu ya kiatu, maana haoni anapokanyaga.

Tena, katika harusi nyingi za Kiashkenazi wazazi husindikiza maharusi na mishumaa inayowaka, huku tuli ya nailoni ikipepea karibu. Waambie wazazi wazi wazi mshumaa ushikwe kwa mkono wa nje, ulio mbali na shela, na wapendekezee ile iliyozungushiwa kioo.

Hatua ya 6: Mkia, pete na kiatu

Akifika chini ya khupa, bibi harusi wa Kiashkenazi humzunguka bwana harusi mara saba. Khupa yenyewe haina nafasi kubwa, na rabi, wazazi na mashahidi wote wamejazana humo. Mkia mrefu wa gauni utamfunga bwana harusi miguu kama kamba ya mbuzi kwenye mti. Kama mteja ameng'ang'ania mkia, shonea kitanzi pembeni ambacho mama atashika huku akimfuata, au kata mkia wa kuvaliwa na kuvuliwa kiunoni. Mimi napendelea wa pili, maana unatatua pia habari ya kucheza.

Pete ni mduara mtupu usio na kito, na huvishwa kidole cha shahada cha mkono wa kulia mashahidi wakiangalia. Glovu, kwa hiyo, ziache. Mikono ya lesi yenye kitanzi cha kidole inaruhusiwa ikiwa kitanzi kiko kidole cha kati. Katika jamii nyingi bibi harusi huvua hereni na bangili zote kabla ya kusimama hapo, kwa hiyo mpe msichana mmoja kifuko cha kuzitunzia.

Ndoa ikimalizika, bwana harusi huvunja glasi kwa mguu. Huwa imefungwa kwenye kitambaa, lakini soli nyembamba ya mpira bado ni hatari. Avae kiatu cha soli ngumu. Baada ya hapo maharusi huingia chumbani peke yao kwa muda mfupi na kufungua saumu, na hapo kijana huvua kitel. Weka hanga humo mapema, na vifungo vya kukunjia mkia wa gauni uwafundishe wanawake wawili, si mmoja. Wakitoka hapo, kazi ni kucheza, na dakika yoyote viti vitanyanyuliwa. Viatu vya pili vya chini kwa bibi harusi havikwepeki.

Hatua ya 7: Taliti na usiku wa hina

Kwa Wasefaradi na Wayahudi wa Mashariki, badala ya kitel, kijana hujifunika taliti mpya, shuka la sala lenye vishada kwenye pembe 4. Husoma baraka, kisha hutandazwa juu ya vichwa vya wote wawili. Kazi ya fundi hapa ni mfuko wake tu, wa mahameli wenye jina lililodariziwa. Vishada usiviguse, usivipunguze, wala usipunguze pembe: hufungwa na anayejua sheria yake.

Utajiri wa mavazi uko usiku wa hina. Bibi harusi mwenye asili ya Yemeni, hasa Sana'a, hupambwa kwa vazi la uzi wa dhahabu, mikufu ya fedha iliyopangwa tabaka kwa tabaka hadi kifua kisionekane, bangili hadi juu ya kifundo, na juu ya kichwa taji refu la lulu na shanga lililozungushiwa maua mabichi na vijiti vya mruta vya kukinga husuda. Wafua fedha wengi wa Yemeni walikuwa Wayahudi wenyewe. Wengi wa jamii hiyo walihamishiwa Israeli kwa ndege mwaka 1949 na 1950, na leo seti hizi hukodishwa huko pamoja na mwanamke mjuzi wa kuzivalisha. Usijaribu kuiga taji hilo kwa picha. Lina uzito wa kilo kadhaa ukijumlisha vito vyote, na lisipofungwa inavyotakiwa humchubua kichwa.

Wamoroko wana keswa el kbira, vazi la mahameli la kijani kibichi, buluu au rangi ya zabibu, lenye nakshi za dhahabu, ambalo zamani baba alimpa binti yake. Mkato wake unahusishwa na Hispania, walikofukuzwa Wayahudi mwaka 1492. Hili fundi anaweza kulishona, kwa kuwa ni vipande: sketi ya kuzungusha iliyo wazi upande mmoja, kizibao, kipande cha kifuani cha nakshi nzito, mikono mipana ya kitambaa chepesi inayovaliwa peke yake, na mshipi. Anza na kipande cha kifuani, kwa kuwa ndicho kinachoamua ukubwa wa vingine. Mahameli yakatwe yote kwa mwelekeo mmoja wa manyoya, na nakshi ishonwe kabla ya kuunganisha vipande.

Kwa Abayudaya, kofia ndogo za kipa hufumwa kwa mkono na wanajamii wenyewe, na gomesi na kanzu za sherehe za Uganda hukaa nazo bila ugomvi.

Hatua ya 8: Wageni

Mwanamume, awe Myahudi au la, afunike kichwa. Kapu la kipa huwekwa mlangoni, mara nyingi zikiwa na majina ya maharusi na tarehe kwa ndani, na ni zawadi ya kwenda nayo. Kofia ya vito kutoka Lamu au Unguja inatosha kabisa. Taliti asivae asiye Myahudi. Mwanamke avae la mikono na sketi ya kuvuka magoti, aepuke jeupe. Jeusi si nuksi, utaliona kila meza. Israeli, kwenye harusi za wasioshika sana dini, utakuta mgeni kaja na jinzi na shati jeupe, na hakuna anayeshangaa.

Hatua ya 9: Nguo baada ya harusi

Sherehe huendelea siku saba, kila jioni karamu nyumba tofauti, kwa hiyo bibi harusi huhitaji nguo nyingine za kupendeza na, kwa wanaoshika dini, vilemba au nywele za bandia, kwa kuwa sasa ni mke wa mtu na nywele zake hufunikwa. Ukipata oda ya gauni, uliza na oda ya vilemba.

Gauni lenyewe huenda si lake. Kuna mfumo wa gemahi, ambapo magauni hutolewa na kuazimishwa bila faida ili maskini na tajiri waolewe wote wamependeza. Gauni la gemahi linapofika mezani kwako, mkasi uweke mbali. Punguza kiuno kwa mishono mirefu ya mkono, kunja pindo bila kukata, mikono uliyoongeza ishike kwa uzi unaofumuka kwa wembe mara moja. Likirudi baada ya wiki, fumua kila ulichofanya, safisha pindo, angalia nta ya mishumaa mgongoni na divai kifuani, kisha lipige pasi na kulirudisha likiwa na vipimo vyake vya awali, maana bibi harusi anayefuata anaweza kuwa mnene kuliko huyu.